Leso ya Mtu Nisiyemjua

Ninayo leso ya mfukoni ambayo si yangu. Ni nyeupe, imetiwa uzi wa buluu ukingoni, na kona yake moja imeungua kidogo kwa sababu siku moja niliipiga pasi huku akili iko kwingine. Ina miaka 11 kwenye droo yangu. Mwenyewe simjui. Sikumwuliza jina, na hata sura yake sasa naikumbuka vipande vipande: miwani minene, sweta la kijani lililompwaya mabegani, na mikono mipana ya mtu aliyefanya kazi maisha yake yote.

Tulikutana usiku kwenye korido ya hospitali. Baba yangu alikuwa ameingizwa chumba cha upasuaji tangu alasiri, na hakuna aliyekuwa ametoka kutuambia lolote. Nilikuwa nalia kile kilio cha kificho, cha kuvuta kamasi na kukohoa-kohoa ili watu wadhani ni mafua. Yeye alikaa mwisho wa benchi lile lile. Hakusema pole. Hakuniuliza nauguza nani. Alifungua mkoba, akatoa leso, akaikunja upya ingawa ilikuwa imekunjwa tayari, akaiweka juu ya goti langu, kisha akarudisha macho kwenye mlango aliokuwa akiutazama tangu nilipomkuta. Baadaye kidogo muuguzi akaja akamwita, naye akaondoka. Hakurudi.

Sikusema asante. Nilikuwa nimeibana ile leso usoni, na nilipoinua kichwa nikaona mgongo wa sweta la kijani ukiishia mlangoni. Ningeweza kuita. Sikuita. Nilijiambia ana yake yanayomtosha, asante yangu itamfaa nini.

Baba alitoka salama, na mpaka leo yupo, analalamika kwamba nafungua redio kwa sauti kubwa. Kilichobaki cha usiku ule ni leso, na neno nililolimeza.

Tenda wema nenda zako, tumefundishwa. Ni methali nzuri. Inamkinga mtendaji asije akageuka mdai, mtu wa kusimama mlangoni akihesabu nani kashukuru na nani kapiga mateke kama punda. Lakini inamsemesha mmoja tu kati ya wawili. Anayebaki kwenye benchi haambiwi kitu. Na mtendaji mwenyewe, akishakwenda zake, hukosa jambo ambalo kwa miaka mingi sikulifikiria: hajui ameacha nini nyuma yake. Yule mama, kama amewahi kuukumbuka usiku ule hata mara moja, pengine anachokumbuka ni kwamba alipoteza leso.

Wapo watu waliojaribu kulipima jambo hili. Amit Kumar na Nicholas Epley, wanasaikolojia, walichapisha mwaka 2022 majaribio kadhaa, na ninalolipenda zaidi lilifanyika kwenye uwanja wa kuteleza juu ya barafu jijini Chicago. Watu walipewa kikombe cha chokoleti ya moto, wakaambiwa wanaweza kubaki nacho au kumpa mtu yeyote pale wasiyemjua. Wengi walikitoa. Kila mtoaji akaulizwa: unadhani aliyepokea atajisikiaje? Kisha mpokeaji naye akaulizwa alivyojisikia kweli. Majibu hayakulingana. Watoaji walikadiria chini ya ukweli, na kosa hilo hilo likajitokeza tena katika majaribio mengine ya watafiti hao.

Maelezo yao ni mepesi, na yalinirudisha kwenye benchi. Mtoaji anafikiria kitu: kikombe, ukubwa wake, thamani yake ndogo. Mpokeaji anapokea kitu pamoja na habari, nayo habari ni kwamba kuna mtu amemwona na kumfikiria bila kutumwa. Katika hesabu ya mtoaji habari hiyo haimo, maana kwake si habari. Yeye anajua tangu mwanzo kwamba amekuona.

Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 2018, hao hao wawili walikuwa wamechunguza upande wa pili, upande wangu mimi niliyenyamaza. Waliwaomba watu waandike barua za kumshukuru mtu, wabashiri barua itapokelewaje, kisha wakawatafuta wapokeaji na kuwauliza. Waandishi walidhani wapokeaji wangeona aibu au wangejisikia vibaya kuliko ilivyokuwa. Walidhani pia kwamba barua isingewashangaza sana, kwamba watu hao wanajua tayari. Hawakujua. Waandishi walihangaika kama wamepanga maneno vizuri, kumbe wasomaji hawakuwa wanasahihisha insha.

Nilicheka niliposoma hapo, cheko la mtu aliyeshikwa. Niliwahi kupanda basi ambalo dereva wake, kila alipopanda mzee, alisubiri mpaka aketi ndipo aondoe gari. Abiria wa nyuma walisonya. Yeye akasubiri. Nilitunga sentensi ya kumwambia kwa muda wa vituo vinne vizima. Nikaanza na “Samahani dereva”, nikaiona imekaa kama malalamiko. Nikajaribu “Hongera”, nikaona atadhani namdhihaki. Kituo changu kilipofika nikateremka na sentensi yangu kinywani, nadhifu kabisa, haijatumika. Haya ilinishinda, nami nikaiita heshima.

Lakini hapa nisimame kidogo, kwa sababu mimi ni mwanamke na najua si kila neno tamu la mtu usiyemjua ni wema. Kuna salamu yenye ndoano ndani. Unaitikia, inavutwa, na ghafla unatakiwa kueleza unakokwenda, una mtu au huna, na mbona unaringa. Anayeandika kuhusu wema kati ya watu wasiojuana bila kulitaja hili amebahatika kutembea barabarani bila kuitwa-itwa. Kwa hiyo mimi nimejiwekea kipimo changu, si cha kitabuni: wema ni ule unaoweza kuupokea na kuondoka. Ukipewa kitu, hata sifa, kisha ukajikuta huruhusiwi kuondoka, hapo umeuziwa.

Na kuna wakati kutomwangalia mtu ndiyo adabu yenyewe. Mwanasosholojia Erving Goffman aliandika mwaka 1963 juu ya namna watu wasiojuana wanavyopishana: jicho linatupwa mara moja, la kutambua kwamba upo, kisha linaondolewa, ili mwenzako ajue kwamba hachunguzwi wala haogopwi. Tunafanya hivyo mara nyingi kwa siku na hatujui kwamba tunafanya. Ndiyo maana nasema yule mama wa leso alikuwa fundi. Aliniona, akanipa, akaangalia mlango. Angeendelea kunitazama nikijifuta machozi, ningelazimika kuacha kulia kwa ajili yake. Alinipa leso na akanipa faragha ya kuitumia.

Kinyume chake ni kutoonwa kabisa, na hilo nalo limepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Eric Wesselmann na wenzake, mtu alikuwa akipita kwenye eneo la chuo kikuu cha Purdue, Marekani, na kumpita kila anayekutana naye kwa moja ya namna tatu: kumtazama machoni, kumtazama machoni na kutabasamu, au kuangalia pale pale usawa wa macho yake lakini kana kwamba hapana mtu. Wapita njia walipoulizwa muda mfupi baadaye, waliopitwa kama hewa walijisikia kutengwa na watu kuliko wale waliotazamwa. Jambo la sekunde moja, kutoka kwa mtu ambaye hutamwona tena.

Ukishajua hayo unaanza kujiuliza kwa nini basi tusifanye zaidi, ikiwa ni rahisi hivyo. Jibu la haraka ni kwamba watu ni wabaya siku hizi, jibu ambalo kila kizazi hulitoa kuhusu kizazi kinachofuata. Mimi siliamini. Naamini jibu la wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson, ingawa linaniuma zaidi.

Hawa walifanya jaribio kwenye seminari ya teolojia huko Princeton, wakalichapisha mwaka 1973. Waliwachukua wanafunzi wa uchungaji, vijana waliochagua kazi ya kuhudumia watu, wakawaambia waende jengo la jirani kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa wazungumzie mfano wa Msamaria Mwema, ule wa mtu aliyepigwa na kuachwa njiani, watu wa dini wakampita, mgeni akamsaidia. Wengine walipewa mada ya kazi tu. Kisha, wakati wa kutoka, baadhi waliambiwa wamechelewa, wanasubiriwa, wafanye haraka. Baadhi waliambiwa waende moja kwa moja, kila kitu tayari. Na baadhi waliambiwa bado kuna muda kidogo. Njiani, mlangoni mwa jengo, watafiti walikuwa wamemweka mtu ameinama, macho kayafumba, anakohoa na kugumia.

Waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walimsaidia kwa namna fulani. Waliokuwa katikati, asilimia 45. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana. Mtu alikuwa na Msamaria Mwema kichwani, anampangilia vizuri aingie kwenye hotuba, na akampita mgonjwa kwa sababu saa ilikuwa inamkimbiza.

Nimesoma watu wakilitumia jaribio hili kuwacheka wanadini. Sioni cha kuchekesha. Wale vijana walikuwa wanakimbia kwenda kutimiza ahadi waliyompa mtu mwingine. Kumpita mmoja kulikuwa ndiyo kumjali mwingine. Mimi mwenyewe nimewahi kumruka mzee aliyeangusha karatasi ngazini. Nilimruka kweli, mguu huu kisha huu, kwa sababu nilikuwa nawahi kikao. Kikao hicho kilihusu nini, mbele ya Mungu, sikumbuki. Karatasi nazikumbuka: zilikuwa picha za eksirei, na moja iliteleza ngazi tatu chini.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini ilikuwa benchi la hospitali. Kule kwenye korido hakuna aliyekuwa anawahi popote. Yule mama alikuwa na mzigo mzito kuliko kikao chochote nilichowahi kuhudhuria, lakini alikuwa nao akiwa ameketi. Kusubiri kulimpa macho. Sijui kama ningekutana naye ngazini, yeye anawahi na mimi nawahi, kama angeona kwamba mafua yangu si mafua.

Kuhusu neno lenyewe, asante. Adam Grant na Francesca Gino waliwaomba watu wamsaidie mwanafunzi kusahihisha barua yake ya kuombea kazi. Mwanafunzi akajibu, kisha akaomba msaada wa pili. Kwa nusu ya watu jibu lake lilikuwa kavu, kwamba amepokea maoni. Kwa nusu nyingine aliongeza shukrani. Waliojibiwa kikavu, asilimia 32 walikubali kusaidia tena. Walioshukuriwa, asilimia 66. Utafiti wao ulitoka mwaka 2010, na sehemu inayonivutia ni inayofuata: katika jaribio jingine ombi la pili lilitoka kwa mwanafunzi tofauti kabisa, na bado waliokuwa wameshukuriwa na yule wa kwanza walisaidia zaidi, asilimia 55 dhidi ya 25. Asante aliitoa mmoja, akafaidi mwingine aliyekuja nyuma yake. Watafiti walipochimba sababu, hawakukuta kwamba watu walijiona wajuzi zaidi wa kusahihisha barua. Walijiona wana thamani kwa watu.

Ningeishia hapo kama ningekuwa nauza kitu. Lakini kuna utafiti mwingine, wa mwaka 2018, ulioniweka njia panda. Simeon Floyd, Giovanni Rossi na wenzao walirekodi mazungumzo ya kila siku katika lugha 8 za mabara tofauti, majumbani na vijijini, kati ya watu wanaojuana. Watu waliombana vitu bila kukoma, nisogezee hiki, nishikie kile, na mara nyingi walipewa. Neno la shukrani lilisikika takriban mara 1 katika kila 20. Katika lugha ya Cha'palaa ya Ekuador halikusikika kabisa, na hakuna aliyelikosa.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kuishi vizuri bila asante? Kwa jamaa, ndiyo. Dada yangu akinishikia mlango simshukuru, na nikimshukuru atauliza nataka kumkopa nini. Kati yetu hesabu haifungwi. Leo yeye, kesho mimi, na kesho ipo. Kusema asante kila mara ni kama kumwambia ndugu yako, tumemalizana. Lakini mtu nisiyemjua hana kesho na mimi. Sitamshikia mlango wiki ijayo. Nafasi ya kumlipa kwa vitendo haipo, imebaki ile ya neno, na ipo kwa muda wa mtu kutembea kutoka kwenye benchi hadi mlangoni. Ndiyo maana asante isiyosemwa nyumbani haipotei, na isiyosemwa kwa mpita njia imepotea moja kwa moja.

Nilikuwa nadhani kupotea huko ni hasara ndogo. Kisa kimoja kilinibadilisha mawazo, nacho ni cha hospitali pia. Jerome Motto alikuwa daktari wa magonjwa ya akili San Francisco. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, yeye na wenzake waliwafuatilia watu waliokuwa wamelazwa kwa huzuni nzito au baada ya kutaka kujiua. Kati yao walikuwamo 843 ambao, baada ya kuruhusiwa, walikataa kuendelea na matibabu au waliyaacha. Hawa ndio ambao hospitali yoyote ingesema, tumefanya tulichoweza. Motto aliwagawa kwa bahati nasibu makundi mawili. Kundi moja liliachwa kama lilivyotaka. Kundi la pili lilitumiwa barua, mwanzoni kila mwezi, kisha kwa nafasi zaidi, jumla barua 24 kwa miaka mitano, na mwandishi alikuwa yule mtafiti aliyemhoji mgonjwa wakati amelazwa. Barua zilikuwa fupi mno. Zilisema tu kwamba ni muda sasa tangu ulipokuwa kwetu, tunatumaini mambo yanakwenda vizuri, ukipenda kutuandikia tutafurahi. Hakuna ushauri. Hakuna tarehe ya kurudi kliniki. Hakuna fomu.

Matokeo kamili aliyachapisha mwaka 2001 pamoja na Alan Bostrom. Katika kundi lililotumiwa barua waliojiua walikuwa wachache zaidi, na tofauti ilikuwa wazi zaidi katika miaka miwili ya kwanza, kipindi ambacho barua zilikuwa zinakuja kwa wingi. Kwa karatasi yenye sentensi mbili, isiyodai jibu.

Sisemi kwamba leso yangu iliniokoa maisha. Sikuwa katika hali hiyo, na si haki kuukuza usiku wangu kwa machungu ya wengine. Nasema tu kwamba zile barua zina umbo lile lile: nimekuona, chukua, huna haja ya kunirudishia. Na nasema kwamba kama Motto asingehesabu, walioziandika wasingejua kamwe. Wangedhani wamepoteza stempu.

Basi tangu mwaka jana nimeanza kuita watu kabla hawajafika mlangoni. Sina ustadi nalo. Nilimwambia msichana mmoja wa mapokezi kwamba anataja majina ya wagonjwa kana kwamba kila jina ni la mtu, akanitazama muda, akaniuliza kama nina namba ya foleni. Nilimshukuru mwanamume aliyenirudishia kalamu kwa sauti kubwa iliyomfanya aseme, “Ni kalamu tu, dada.” Mara moja moja inakubali. Mara nyingi nabaki nimesimama na uso wa moto, na sitaki kudanganya kwamba najisikia vizuri baadaye. Najisikia mjinga. Ila nimeshausoma ule utafiti wa barua, najua mizani yangu imeegemea upande gani, kwa hiyo siiamini.

Mwezi uliopita nilimpeleka Baba kupimwa macho. Wakati yuko ndani nilikaa kwenye korido, benchi la plastiki safari hii, na kijana alikuwa anapiga deki. Alikuwa anafanya kwa namna ambayo sijaiona: anasogeza ndoo kwa mguu, anapiga nusu ya upana wa korido, anaacha nusu kavu ili watu wapite, kisha akifika mwisho anarudi na nusu ya pili. Madaktari na wagonjwa walipita upande mkavu bila kujua kwamba kuna upande mkavu. Nilimtazama korido nzima. Alipofika usawa wangu nikamwambia, “Kaka, nimeona unavyowaachia watu njia. Asante.”

Akasimamisha mti wa deki. Akaangalia nyuma yake, kuona kama kuna mtu mwingine. “Umetumwa na ofisi?” akauliza.

“Hapana. Nimemleta baba yangu.”

Akanitazama tena, akaitazama sakafu, kipande alichotoka kukipiga, kana kwamba anaikagua kwa macho yangu. Wakati huo mlango ukafunguka, Baba akatoka na miwani mipya, akiniita kwa sauti. Nikasimama nimwendee.

“Ngoja kwanza, dada,” yule kijana akasema, akinyoosha mkono mbele yangu. “Hapo hapajakauka. Utateleza.”

Nikangoja.